Kokoto la Kicheche

Paukwa!

Pakawa.

Ngojeni kwanza. Kabla sijaendelea nataka kujua: kati yenu mlioitikia, nani aliwahi kufungwa? Huyo asiitikie tena. Najua alishamaliza kifungo chake, karudi kwa watoto wake, anauza mihogo ya kukaanga, na ushuru wa soko analipa kila asubuhi. Lakini baraza hili lina sheria, na sheria inasema hadithi huitikiwa na watu safi. Akiona uchungu, aende akamwombe mwenye baraza, ambaye huketi kusikiliza maombi mara 4 kwa mwaka, na siku akiamka na maumivu ya kiuno hasikilizi mtu.

Mnacheka? Basi sikilizeni habari za Nchi ya Maua, ambako kichekesho hiki kilikuwa katiba.

Nchi ya Maua ni rasi ndefu iliyojitosa baharini, nchi ya michungwa, vinamasi na mamba. Jina hilo ilipewa mwaka 1513 na mabaharia walioifikia majira ya Pasaka. Mfalme haina. Siku ya uchaguzi kila mnyama huja na kokoto lake moja, awe tembo au sisimizi, akalitumbukiza katika chungu anachokipenda, na chungu kilichojaa zaidi ndicho kinachotawala. Vyungu viko vingi, ila vinavyojaa ni viwili tu: cha ukoo wa Tembo na cha ukoo wa Punda. Koo hizi mbili hazikubaliani hata jua linachomoza upande gani, lakini zina tabia moja zinayoshirikiana. Zikikutana na mgeni njiani, kabla ya salamu humtazama mkononi, zikipiga hesabu kokoto lake litaangukia wapi.

Katika nchi hiyo aliishi Kicheche. Ujanani mwake aliiba mayai 12 ya Bi Kuku. Hakusingiziwa, alikamatwa na ganda mdomoni. Akahukumiwa miaka 3 kizimbani, akaikaa yote. Alivunja mawe, akalima, akajifunza kushona viatu. Siku ya kutoka bawabu alimfungulia akamwambia, "Umelipa. Nenda, usirudi." Kicheche akalishika neno hilo "umelipa" kama mtu anavyoshika risiti.

Kijijini akafungua kibanda. Kushona viatu katika nchi ya wenye kwato si biashara ya kumtajirisha mtu, lakini alikula, akaoa, na kodi ya kisima akailipa kila mwezi. Mkusanya kodi hakuwahi kumuuliza kama alifungwa. Fedha ya Kicheche haikuwa na doa.

Uchaguzi ukafika. Kicheche akaokota kokoto, akaliosha, akapanga foleni tangu alfajiri. Mezani alikuwa ameketi Panya Buku, karani wa daftari, mwenye meno marefu na kalamu ndefu kuliko meno.

"Jina lako limepigwa mstari," Buku alisema bila kuinua uso.

"Mstari wa nini, bwana karani? Kizimba nilishamaliza."

"Kizimba umemaliza. Mstari haumaliziki. Anayefuata!"

Kicheche akarudi na kokoto lake mkononi, akapita kwa Mzee Kobe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuona ukienda na kokoto, nakuona unarudi nalo. Keti nikusimulie mstari huo umetoka wapi.

"Mwaka 1865 vita vya nira vilikwisha, na karibu nusu ya wanyama wa nchi hii, waliokuwa wakivuta majembe ya wenzao, wakafunguliwa shingo. Nira zenyewe hazijaoza, zikatungwa sheria: anayeonekana barabarani bila kazi ni mzururaji, mzururaji hushtakiwa, na nguvu zake hukodishwa kwa mwenye shamba. Kisha mwaka 1868 ikaandikwa katiba. Waliofunguliwa wakapewa makokoto kama wengine. Katika katiba hiyohiyo ikaandikwa kwamba aliyepatikana na hatia ya wizi, rushwa, kuapa uongo au jinai nyingine ya aibu asiwe na kokoto. Mkono mmoja uligawa, mwingine ukatega wavu."

Kicheche akainamisha kichwa. "Lakini mzee, mimi kweli niliiba."

"Uliiba, na sisemi wizi ni sala. Nakuambia mtu ukitaka kujua anamwogopa nani, tazama kufuli kaliweka mlango upi. Ng'ambo ya jirani yetu wa magharibi kuna Nchi ya Mto Mkubwa. Mwaka 1890 wazee wa huko waliketi wakaorodhesha makosa ya kumnyang'anya mnyama kokoto: wizi, kuchoma moto, kughushi, kuoa wake wawili kinyume cha sheria, na mengine ya namna hiyo. Kuua hawakukuandika. Kubaka hawakukuandika. Makosa hayo mawili yaliingizwa mwaka 1968. Kwa miaka 78, mwanangu, aliyeiba kuku alipoteza kokoto, na aliyemuua mwenye kuku alibaki nalo. Orodha ile haikupimwa kwa uzito wa kosa. Wazee walitazama ni nani wanayemdhania kuiba, na nani wanayemdhania kuua."

"Basi mimi nifanyeje?"

"Panda mlimani ukaombe."

Mlimani alikuwa anaketi Tembo Mkuu na wasaidizi wake 3, mara 4 kwa mwaka, kusikiliza waombao makokoto yao. Njia hiyo ilikuwa inapanuka na kubanwa kwa kutegemea nani yuko kitini. Mwaka 2007 alikaa Tembo mmoja mwenye ngozi laini, akarahisisha mambo, na wanyama zaidi ya 150,000 wakarudishiwa haki zao. Mwaka 2011 akaja Tembo mwingine, wa ukoo uleule, akafunga: atakaye kuomba asubiri kwanza miaka 5 au 7 tangu amalize kila kitu, ndipo aanze kupanga foleni. Katika utawala wake wote waliorudishiwa hawakuzidi sana 3,000.

Kicheche alisubiri. Alipofika mbele ya Tembo Mkuu alikuta maswali hayahusu mayai. Unakwenda kanisani? Unakunywa? Mara ngapi umekamatwa ukivuka njia kwa kasi? Mbele yake alikuwapo Kenge mmoja, ambaye miaka ya nyuma alilitumbukiza kokoto kwa kujificha, naye hana ruhusa. Alipoulizwa juu ya kosa hilo, Kenge alisema, "Kwa kweli, mheshimiwa, kura ile niliipiga kwako." Mlima mzima ukacheka, na Kenge akarudishiwa kokoto lake papo hapo. Tembo Mkuu hakuficha utaratibu: alikwisha kusema hadharani kwamba hapa hakuna kipimo, tunafanya tutakavyo. Kicheche hakuwa na kichekesho cha kumfurahisha mkubwa. Akaambiwa arudi siku nyingine.

Mwezi Februari 2018 hakimu mmoja aliutazama mtindo huo wa mlimani akasema unavunja katiba. Lakini wakati huo mambo yalikuwa yameshaanza kuchemka chini ya mlima.

Aliyewasha moto ni Muhanga. Naye aliwahi kukaa kizimbani. Alipotoka alilala nje, ulevi ukamla, akafika karibu na kujiua. Kisha akarudi shuleni, akasomea sheria mpaka shahada, na alipoipata akaambiwa hawezi kuwa wakili kwa sababu ya ule mstari. Muhanga, kama mjuavyo, ni mnyama wa kuchimba. Akachimba. Alikwenda kitongoji kwa kitongoji akiomba alama za nyayo, kwa maana nchi hiyo hubadilisha katiba yake kwa kura ya wote ikiwa zimepatikana nyayo za kutosha. Zilitakiwa 766,200. Zikapatikana, zikahesabiwa, zikazidi.

Hapo ndipo baraza la chini ya mchungwa lilipowaka.

Mbuzi alisimama wa kwanza. "Aliyevunja ua hana haki ya kumchagua mjenga ua. Aliyeidharau sheria ataletaje mtunga sheria? Mwizi mkimpa kokoto, atamchagua mwizi."

"Wezi tumekuwa tukiwachagua wenyewe miaka yote hii," Kobe alijibu taratibu. "Sikujua tulikuwa tukingoja msaada wa Kicheche."

Ngiri akasema, "Mzee, acha mzaha. Adhabu ina maana yake. Akirudishiwa kila kitu, mtoto wangu atajifunza nini?"

"Mtoto wako anamwona Kicheche akilipa kodi kila mwezi. Anajifunza kwamba kuna wanaolipa na kuna wanaoamua. Akikuuliza kwa nini, utamjibu wewe."

Ngiri hakuwa mjinga, na hoja yake haikuwa ya chuki. Alisema kuna makosa mengine mazito kiasi kwamba mnyama anajitoa mwenyewe katika ujirani. Baraza lilimsikiliza. Ndiyo maana maneno ya pendekezo la Muhanga yaliacha nje waliohukumiwa kwa kuua na kwa makosa mazito ya ngono. Wengine wote wangerudishiwa makokoto yao, bila kupanda mlima, wakishatimiza masharti yote ya hukumu zao. Yakumbukeni maneno hayo, "masharti yote". Yana mkia.

Mjumbe wa Kata ya Kizimba yeye hakusema lolote, maana kwake jambo hili lilikuwa nyeti. Kila miaka 10 nchi huhesabu wakazi ili kugawa viti, na waliofungwa huhesabiwa walikofungiwa. Kwa hiyo kata yake, yenye kizimba kikubwa, ilionekana ina watu wengi, ikapata sauti kubwa. Miili ya wafungwa ilimpa kiti, na hata mmoja wao hakuweza kumpigia kura wala kumnyima. Mjumbe gani atakataa wapiga kura wa namna hiyo?

Wajumbe wa koo mbili walimfuata Kicheche kibandani, kila mmoja kwa wakati wake, wakijifanya wameleta viatu. Punda akamwambia, "Ndugu yangu, sisi tunakupigania." Tembo akamwambia, "Sisi hatuna ubaya na wewe, ni sheria tu." Kisha wote wawili wakauliza swali moja kwa maneno yaleyale: "Hivi ukilipata, utalitia chungu gani?"

"Nitampa atakayejenga daraja la kisimani," Kicheche alisema. "Wanangu wanapita kwenye mamba."

Wote wawili waliondoka bila kuridhika.

Tarehe 6 Novemba 2018 wanyama walipiga kura. Ili pendekezo lipite lilihitaji makokoto 60 katika kila 100. Yalipohesabiwa yakawa zaidi ya 64. Zaidi ya wanyama milioni 5 walisema ndiyo. Na siku hiyohiyo walimchagua Tembo Mkuu mpya, kwa tofauti ya makokoto 32,000 na ushei. Pigeni hesabu: pendekezo la Muhanga lilipata kura milioni moja na zaidi kuliko Tembo Mkuu mwenyewe. Maana yake wapo wengi waliotia kokoto la uchaguzi katika chungu cha Tembo, na lile la pendekezo wakampa Kicheche. Jirani akiachwa ajiamulie, huwa na moyo mpana kuliko kiongozi wake.

Tarehe 8 Januari 2019, siku ya kwanza ya sheria mpya, Kicheche alikuwa mlangoni kwa Buku kabla kibanda hakijafunguliwa. Akajiandikisha. Mkewe alipika pilau.

Pilau haikupoa sana. Bunge la Nchi ya Maua liliketi kufafanua maneno "masharti yote", na tarehe 28 Juni mwaka uleule Tembo Mkuu mpya akatia sahihi ufafanuzi: kutimiza hukumu ni pamoja na kulipa kila faini, kila fidia na kila ada iliyotajwa katika hukumu. Usipolipa hujamaliza, na usipomaliza huna kokoto.

Wafuasi wa Muhanga wakapiga kelele kwamba wamegeukwa. Kasuku, ambaye kazi yake ni kukumbuka maneno ya watu, akakohoa juu ya tawi. "Kabla ya kura, wakili wenu wenyewe aliulizwa na majaji wakuu kama faini zimo ndani ya masharti hayo, akasema zimo. Nilikuwepo." Watu wakamtazama kwa hasira, lakini Kasuku hakuwa amedanganya. Sikitieni hilo, wala msilifiche mkiisimulia hadithi hii. Kesi ya Kicheche haihitaji kusaidiwa kwa kusahau.

Kicheche hakubishana. "Deni ni deni," alisema. "Nadaiwa kiasi gani?"

Buku akafungua kitabu. Akakifunga. Akafungua kingine. "Sijui."

"Nani anajua?"

"Karani wa wilaya uliyohukumiwa." Wilaya ziko 67, na kila moja ina karani wake, kabati lake na mwandiko wake. Kicheche akaenda. Karani wa huko alikuwa na karatasi ya faini, lakini ya fidia hana. Mwenzake alikuwa na jumla, lakini haionyeshi kilichokwisha kulipwa. Na juu ya kabati akamkuta Kupe, amevimba.

"Wewe unafanya nini hapa?" Kicheche aliuliza.

"Mimi ni mkusanya madeni. Deni likichelewa, mahakama hunikabidhi mimi, na sheria inaniruhusu kuongeza hadi 40 juu ya kila 100."

"Na hizo ada zenyewe ni za nini?"

"Za kuendesha ofisi. Ulidhani makarani wanakula nini?"

Kweli ndivyo nchi hiyo ilivyopanga. Makarani wa mahakama huendeshwa kwa sehemu kubwa na ada za wanaoletwa mbele yao. Mahakama inamlisha karani, karani anamlisha Kupe, na wote watatu wananing'inia kwenye mgongo wa Kicheche wakimwambia atembee harakaharaka.

Akaenda kwa Bi Kuku, maana aliona fidia angalau ina mwenyewe.

"Bi Kuku, shikamoo. Nimekuja juu ya mayai."

Bi Kuku alimtazama kwa jicho moja, kama kuku wanavyotazama. "Marahaba. Miaka yote hii ndiyo unakuja?"

"Ndiyo. Nakuomba radhi, na wewe unanidai mayai. Nambie mangapi yamebaki nilipe."

"Nayataka mayai yangu, sitakuficha. Nikilipwa nitashukuru. Lakini wamekuja hapa watu wa Tembo kuniambia wanakunyima kokoto kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu! Hilo kokoto wanalolifungia kabatini mimi nitalilalia nini? Lina kiini? Nililowaomba ni fidia, wao wakachukua kisichokuwa changu, kisha wakaniwekea jina."

Kesi ikapelekwa kwa Bundi. Bundi ni hakimu asiyelala, na usiku aliutumia kusoma mafaili. Akaletewa ushahidi wa mtaalamu mmoja na wanafunzi wake wa uzamivu, waliochukua majina 153 ya wafungwa wa zamani kwa kubahatisha, wakakesha wakitafuta kila mmoja anadaiwa kiasi gani. Kati ya 153 walipata 3 tu ambao karatasi zao hazikupingana. Akaletewa hesabu nyingine: waliokwisha kumaliza vifungo wakabakiwa na deni wanakadiriwa kuwa zaidi ya 770,000, na wengi wao hawana cha kulipia. Akauliza ofisi ya daftari ina maombi mangapi ya waliofungwa yanayosubiri kuchunguzwa. Maombi 85,000. Mangapi yamekamilika? Hakuna.

Mwezi Mei 2020 Bundi akatoa hukumu. Alisema mtu asiye na uwezo hawezi kunyimwa kokoto kwa sababu hana fedha. Alisema ada za kuendesha ofisi ni kodi hata zikiitwa jina gani, na katiba ya msitu mzima inakataza tangu 1964 kumtoza mnyama kodi ndipo apige kura. Kijijini kwa Kicheche pilau ikapikwa tena.

Kesi ikapanda kwa Tai wa mlima mrefu. Walikaa 10. Tarehe 11 Septemba 2020 wakagawanyika: 4 wakakubaliana na Bundi, 6 wakamkatalia. Walio 6 walisema masharti ya hukumu ni masharti ya hukumu, na nchi haina wajibu wa kumtafutia mdaiwa hesabu zake. Tausi mmoja tajiri wa kaskazini alichangisha zaidi ya dola milioni 16 ili kuwalipia wenye madeni kabla ya uchaguzi wa Novemba. Mwanasheria mkuu wa nchi akaomba Tausi achunguzwe. Mnyama akikosa kulipa alikuwa na kosa, na akitokea wa kumlipia naye anatiliwa shaka.

Mnadhani tumefika mwisho? Bado Nyegere.

Nyegere aliua zamani, akatumikia kifungo chake kirefu, akatoka mzee. Yeye alikuwa katika wale ambao kura ya 2018 iliwaacha nje, ila hakuna aliyemweleza vizuri. Alijaza fomu. Ofisi ikaipokea, ikaipitisha, ikamtumia kadi ya mpiga kura yenye jina lake. Nyegere alipiga kura mwaka 2020 akiwa na kadi ya serikali mkononi. Mwezi Agosti 2022 akakamatwa yeye na wenzake, jumla 20, na Tembo Mkuu akaitangaza habari hiyo mbele ya waandishi kama ushindi dhidi ya wezi wa kura.

"Lakini kadi mlinipa nyinyi," Nyegere alisema akitiwa pingu.

Wapo mahakimu walioona jambo hilo halikai sawa, wakafuta baadhi ya mashtaka kwa kuwa mwendesha mashtaka hakuwa na mamlaka juu ya kesi hizo. Bunge likarekebisha kasoro. Msifikiri lilirekebisha daftari ili kadi isitumwe kwa asiyestahili. Lilimwongezea mwendesha mashtaka mamlaka. Kisha mwaka 2023 likatunga sheria kwamba kila kadi ya mpiga kura iandikwe onyo: kadi hii si uthibitisho kwamba mwenye kadi anastahili kupiga kura.

Kicheche alipolisoma onyo hilo alikwenda kwa Mzee Kobe akiwa na kokoto lilelile, limekwisha kulainika kwa kushikwashikwa.

"Mzee, nikienda kujiandikisha naweza kufungwa kwa kudanganya. Nisipokwenda nimejinyima mwenyewe. Nikiuliza nadaiwa kiasi gani, hawajui. Nikikisia nikakosea, kosa ni langu. Nifanye nini?"

Kobe alikaa kimya muda mrefu, kwa jinsi makobe wanavyokaa. "Mdai hudai kwa kutaja kiasi. Muuza samaki hutaja bei. Hata Kupe, na ukupe wake, anajua amenyonya matone mangapi. Anayekudai na hataki kujua ni kiasi gani, huyo hataki kulipwa. Deni lake ni kufuli, na funguo kaitupa kinamasini makusudi. Nenda kila mwaka kwa Buku, ukamwombe hesabu yako kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Siku moja watoto wa Buku wataona aibu."

Kicheche anakwenda mpaka leo.

Sasa, msomaji, niwavue wanyama hawa mikia. Nchi ya Maua ni Florida, jimbo la Marekani, na jina lake la Kihispania linabeba maana hiyo ya maua. Mto Mkubwa ni Mississippi. Tembo na Punda ndizo nembo za vyama viwili vya huko, na nembo hizo hazikutoka kwangu. Muhanga ni Desmond Meade, aliyerudishiwa haki zake za kiraia mwezi Oktoba 2021, miaka mitatu baada ya kuwafungulia wengine mlango. Zile nyayo 766,200, majina 153 yenye 3 sahihi, hisani iliyomwangukia Kenge, Tai 6 kwa 4, na onyo la kwenye kadi, vyote ni kweli. Nilichobuni ni mayai.

Nchini Marekani mwaka 2024 walikadiriwa watu milioni 4 wasioweza kupiga kura kwa sababu ya hatia ya jinai, na wengi wao hawako gerezani. Wakati huohuo katika majimbo ya Maine na Vermont mfungwa hupiga kura akiwa ndani ya gereza, na hakuna ua wa jirani uliowahi kuanguka kwa sababu hiyo. Kwetu Afrika Mashariki, wafungwa wa Kenya walimpigia kura rais kwa mara ya kwanza mwaka 2017. Tanzania, mwezi Desemba 2022 Mahakama Kuu ilisema kifungu kilichowazuia wenye vifungo vya zaidi ya miezi 6 kinakwenda kinyume cha katiba. Basi mjadala huu hauko mbali, na Panya Buku ana binamu katika kila ofisi.

Hukumu yangu ni fupi. Aliyekosa afungwe, na anayedaiwa atajiwe deni lake kwa tarakimu. Akishamaliza, mstari ufutwe na mkono uleule uliouchora, bila yeye kupanda mlima kuuomba. Nchi inayopokea kodi ya mtu na kukataa sauti yake haijamsamehe wala haimwadhibu. Imempangisha chumba katika nyumba yake mwenyewe.

Paukwa! Na yule mwuza mihogo, safari hii, naye aitikie.